Ukijua kusema "nataka ule", subjuntivo ya Kihispania haikushindi

Nilipoanza kuongoza wageni Kilimanjaro, Kihispania changu kilikuwa cha salamu na hesabu tu. Jioni moja kambini Barafu, mama mmoja wa Hispania alikataa chakula, na huko juu usipokula hufiki. Nikamwambia: "Quiero que comes." Akanielewa, akashika kijiko, kisha akanisahihisha kwa upole: "Que comas."

Usiku ule hemani niliiandika daftarini, na chini yake Kiswahili: nataka ule chakula. Hapo nikaona. Hata sisi hatusemi "nataka unakula"! Kiishio cha kitenzi lazima kigeuke, na umbo hilo lililogeuka Wahispania huliita subjuntivo. Sisi tunageuza -a kuwa -e. Wao hubadilishana: vitenzi vinavyoishia -ar huchukua -e, vinavyoishia -er na -ir huchukua -a.

Anza na umbo la "mimi": camino (natembea), bebo (nakunywa), subo (napanda). Ondoa -o, weka irabu mpya, kwa mfuatano wa mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao. Camine, camines, camine, caminemos, caminéis, caminen. Beba, bebas, beba, bebamos, bebáis, beban. Subir hufuata beber.

Ushauri wangu: usikariri jedwali kavu. Chukua sentensi unazozisema kila siku kazini. Mimi nilianza na tatu. Es importante que caminen despacio, ni muhimu mtembee pole pole. Quiero que beban mucha agua, nataka mnywe maji mengi. No corran, msikimbie. Zote Kiswahili kinakwenda nazo sambamba. Hata anayetaka na anayetenda akiwa mtu yule yule, quiero beber ni "nataka kunywa", kama kwetu.

Panaponasa ni pale Kiswahili kinapoachana nao. Sisi husema "tukifika kileleni", kwa -ki-. Wao, kwa jambo ambalo bado halijatokea, husema cuando lleguemos a la cumbre. Nilikaa misimu miwili nikisema cuando llegamos, na wageni wakidhani nasimulia safari zilizopita. (Hiyo u ya lleguemos inalinda sauti ya g, basi.) Vilevile "natumaini utapumzika" ni espero que descanses, wala si descansas.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni ojalá. Limetoka kwenye Kiarabu, ni ndugu wa inshallah yetu, na daima hufuatwa na subjuntivo. Usiku wa manane, taa za kichwani zikishawashwa na kila mtu amefunga viatu, huwaambia wageni: "Ojalá lleguemos todos." Kisha tunaanza kupanda.