"Uzee tu huo" si jibu la kutosha

Kwa miaka mingi nimekuwa nikimsindikiza mama kliniki ya macho, na kauli inayoniuma kuliko zote ni ile ya ndugu wanaomwambia mgonjwa wao, "Uzee tu huo, zoea." Umri una sehemu yake, ni kweli. Lakini mengi yanayoandamana nao hugundulika mapema, na mengine huzuilika.

Mama ana glakoma, wengi wanaiita presha ya macho. Aina iliyompata, ambayo ndiyo ya kawaida, haiumi. Huanza kupunguza kuona pembeni huku mtu bado anasoma vizuri tu, na neva ya jicho ikishakufa hairudi. Kwa hiyo ulizaneni nyumbani: nani katika ukoo alipofuka, na alipofushwa na nini? Mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa damu ana glakoma yumo hatarini zaidi. Wenye asili ya Afrika nao huipata mapema zaidi, tena kwa ukali. Mimi na wadogo zangu tunapimwa kila mwaka kwa sababu hiyo. Na kupimwa si kusoma herufi za ukutani peke yake. Omba wapime presha ya ndani ya jicho, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki (mmHg), kisha waitazame neva yenyewe, maana wako wenye presha ya kawaida na bado wanaugua.

Mzee mwenye kisukari atazamwe retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, angalau mara moja kwa mwaka, hata akikuapia kwamba anaona hadi sindano. Sukari huharibu mishipa midogo ya damu mle ndani kimyakimya, na shinikizo la damu lisilodhibitiwa huzidisha uharibifu.

Sigara wengi huihusisha na mapafu tu. Kumbe mvutaji yumo katika hatari mara 2 hadi 4 zaidi ya kuharibika sehemu ya katikati ya retina, ile tunayotumia kusoma na kutambua sura za watu. Mzee akilalamika kwamba mistari iliyonyooka anaiona imepinda, mpeleke hospitali siku hizo hizo, usingoje. Kuacha kuvuta kunasaidia hata katika umri mkubwa. Vidonge vya vitamini vya macho visinunuliwe kiholela: vyenye beta-karotini huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji.

Mtoto wa jicho hunitia hofu kidogo zaidi, kwa kuwa upasuaji humrudishia mtu uwezo wa kuona. Ninachokiogopa ni matone yenye steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na muwasho, yanayotumiwa miezi na miezi bila daktari kwa ajili ya macho kuwasha. Huweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho kwa pamoja. Mkienda kliniki, bebeni chupa na vidonge vyote anavyotumia mzee, hata vya pumu na vya viungo, maana navyo huweza kuwa na steroidi, daktari avione.