Ikutaro Kakehashi, aliyefanya vinanda visikilizane

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza ni mtu gani wa teknolojia, aliyekwisha tangulia mbele ya haki, anayestahili kukumbukwa zaidi. Mimi namtaja Ikutaro Kakehashi wa Japani, aliyefariki Aprili 1, 2017 akiwa na miaka 87. Hapa Tanga jina lake halijulikani, ila sisi wapiga kinanda wa harusini tunakula kwa kazi yake.

Alifiwa na wazazi akiwa mdogo mno, ujanani akaugua kifua kikuu, akaanza kujitafutia riziki kwa kutengeneza saa na redio. Mwaka 1972 akaanzisha kampuni ya Roland. Zama hizo kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake, na kinanda cha huyu hakikusikilizana na cha yule. Mwaka 1981 Kakehashi akawaendea washindani wake, akawaomba wote wafuate njia moja. Mmarekani Dave Smith, naye mtengenezaji wa vinanda, akaandaa pendekezo, kampuni za Yamaha, Korg na Kawai zikaingia, na Januari 1983 kinanda cha Smith kikaunganishwa na cha Roland mbele ya watu. Unabonyeza hiki, kinalia kile. Njia hiyo ndiyo inayoitwa midi, na aliyetaka kuitumia hakudaiwa ada. Mfanyabiashara kuwaachia wapinzani wake kitu cha thamani hivyo! Namheshimu kwa hilo kuliko yote.

Midi haibebi sauti, inabeba maagizo: kitufe kipi kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani kati ya 0 na 127, kimeachiwa lini, sauti imepindwa hadi wapi. Nikiwa studio nimepiga kipande kwa sauti ya fidla, mwimbaji akaona kinamfunika, prodyuza anakigeuza kuwa ganuni bila kuniita tena. Mkono unabaki wangu, hata pale nilipoivuta noti kumsubiri mwimbaji amalize pumzi. Kwenye taarab uchelewaji ule ndio utamu wenyewe.

Mashine ya ngoma ya Kakehashi ya mwaka 1980, TR-808, ililaumiwa kwamba hailii kama ngoma za kweli, na mwaka 1983 ikaacha kutengenezwa. Vijana wa hip hop Marekani wakazinunua zilizotumika kwa bei ndogo. Leo besi yake nzito unaikuta hadi kwenye Bongo Fleva.

Wachoraji nao wamo. Roland DG, iliyotokana na kampuni yake mwaka 1981, hutengeneza mashine za kuchora na kukata stika kwa kompyuta. Mashine za aina hiyo, za kampuni mbalimbali, ndizo zinazokata maandishi tunayoyasoma migongoni mwa bajaji zetu: kisu kinaifuata herufi hadi kwenye kona zake, fundi anabandua mabaki kwa ncha ya wembe.

Mwaka 2013 Kakehashi na Smith walipewa tuzo ya muziki ya Grammy, upande wa ufundi. Smith naye alifariki 2022. Ombi langu ni kwa walimu, wa chuo cha sanaa cha TaSUBa pale Bagamoyo na wa kwingineko: siku mnapomwonyesha mwanafunzi lile tundu la midi la pini 5 nyuma ya kinanda, mtajieni na majina haya mawili.