Kuhusu hasira za baba yako mdogo

Mwanangu,

Barua yako imefika, sisi hatujambo. Umeuliza kama baba yako mdogo akifoka anaumwa au anajitakia, maana umechoka kumwombea radhi kwa mumeo.

Mimi nianzie kwenye usingizi. Wiki ile ya harusi yako alikuwa halali. Saa nane za usiku yuko uani anapanga viti, anavipangua, anawapigia simu watu wa muziki. Nikasema, usingizi kwanza, maneno baadaye. Shangazi zako wakaguna, kaanza huyo. Ndiyo yakaja yale ya sinia la biriani. Yule kijana alicheka tu, sijui hata kama alimcheka yeye, na wali ukawa ukutani. Tumepaka rangi, zafarani bado inajitokeza. Lakini biriani haikuniuma. Kilichoniuma ni kumkamata kama mwizi mbele ya wakwe, na mtu wa damu yake kusema, "Mfungeni kamba."

Kliniki walinieleza kwamba ugonjwa wake huu wa akili, baipola, si kuchangamka kupita kiasi na kuzama kwenye sonona peke yake. Hata katikati, akiwa mzima wa kututania, hisia zake zaweza kuwahi kuwaka na kuchelewa kuzima. Lithiamu inamsaidia, dawa ya tangu 1949 huko Australia kwa daktari John Cade, ila haimfundishi mtu afanye nini moyo ukimwenda mbio. Hilo alifundishwa na muuguzi: aondoke, atie uso kwenye maji baridi, mapigo yapungue, ndipo aseme.

Idi iliyopita kaka yako alimchokoza kuhusu shamba la Muheza. Akanyamaza, midomo inamcheza, akainuka mpaka kwenye karai la vyombo akazamisha uso mzima. Karudi ndevu zina mapovu: "Haya, endelea mwanangu." Nilicheka nikakaa chini!

Sasa mtu anayejitakia atatia uso kwenye maji ya masufuria? Lakini wiki ya harusi dawa aliziacha mwenyewe, eti zinamtetemesha mikono, na ilimtetemeka kweli, kikombe kilikuwa kinagonga kisahani. Aliamua akiwa na akili zake. Au ndiyo ugonjwa ulikuwa umeshaanza? Usinibane, ingawa ninalo la kusema. Usingizi kwanza.

Kumwombea radhi acha, anataka kuzungumza na mumeo mwenyewe. Njooni asubuhi, ila si Alhamisi, siku hiyo anakwenda kupimwa kiwango cha dawa kwenye damu.

Mama yako