Vita vya mezani: Taja toleo kwanza, ndipo uulize

Kabla sijamjibu yeyote: barua nyingi za safari hii hazisemi mwandishi anacheza toleo lipi la DBA (De Bellis Antiquitatis, kanuni za kucheza vita vya kale mezani kwa visanamu). Mchezo huu ulitoka 1990. Toleo la 2.2 likaja 2004, la 3.0 likaja 2014. Ukiyatazama kwa juu juu unaona yale yale, vikosi 12 kwa 12, kila kimoja kikiitwa kwa aina ya askari wake (Panga, Mikuki, Upinde), na dadu moja moja. Ukichukua ukurasa wa hili na jedwali la lile, unacheza mchezo ambao hakuna aliyeuandika, kisha unaniandikia mimi niamue nani kashinda. Usiponitajia toleo nakujibu kwa 3.0, na lawama ni zako.

*Shikamoo mwalimu. Farasi wangu wepesi walikuwa ndani ya eneo la tishio la panga za adui. Nikataka kuwapitisha mbele yao wakamsaidie jenerali upande wa pili. Mwenzangu akakataa katakata. Nani mwenye haki? – Mkuki Butu, Tanga*

Marahaba. Mwenye haki ni mwenzako, na nimeshaulizwa hili mara nyingi kiasi kwamba nashawishika kulichapa juu ya ukurasa kila safari.

Mbele ya kila kikosi kuna mraba wenye upana wa kitako kimoja, yaani kibao kinachobeba visanamu vya kikosi; huo ndio eneo la tishio. Ukishaingia humo, au ukiugusa tu ukingo wake wa mbali, ruhusa zako ni tatu. Unaweza kujipanga uso kwa uso na adui huyo. Unaweza kumwendea mpaka umguse. Au, kama ni kikosi kimoja peke yake na si kundi, unaweza kurudi nyuma moja kwa moja kwa mwendo wako wote. Kukatiza mbele ya pua yake kana kwamba unavuka barabara hakumo. Kundi zima likinaswa halina hata hiyo ruhusa ya tatu, kwa hiyo kabla ya kusogeza vikosi vinne kwa pamoja tazama kwanza ni kipi kitakachogusa mraba wa nani.

Nikuongezee usiloliuliza. Farasi wako wepesi walikuwa wanafanya kazi nzuri pale pale walipokuwa. Na adui alikuwa ndani ya mraba wao! Kikosi kimoja cha bei ya chini kinaweza kuushika mstari wa panga tatu zamu mbili nzima huku dadu la adui la kusogezea vikosi likitoa 1 na 2. Wewe ukaona wamekwama, ukataka kuwaondoa.

*Kwenye pambano nimepata jumla ya 8, adui 4. Anarudi nyuma au anatoka mezani? – Kakola, Bukoba*

Nusu ya 8 ni 4. Kanuni inasema mwenye nusu ya mwenzake au pungufu anafutwa. Anatoka, kama aina yake haina matokeo yake maalumu kwenye orodha.

*Mwalimu, sisi huku tunalinganisha dadu kwa dadu kutafuta nusu. Yaani 6 kwa 3 ni kufutwa. Kuna mgeni amekuja anasema tunakosea. – Wachezaji wa Ijumaa, Nakuru*

Mgeni wenu mpeni chai na mandazi, kisha mumsikilize. Nusu inatafutwa baada ya kujumlisha kila kitu: thamani ya kikosi, nyongeza, punguzo, na dadu. Chukueni Panga, yenye 5 dhidi ya askari wa miguu, ipambane na Wasaidizi (askari wa miguu wepesi kiasi) wenye 3. Panga ikitupa 6 inafika 11. Wasaidizi wakitupa 3 wanafika 6. Nusu ya 11 ni 5 na nusu, kwa hiyo 6 imepona. Wasaidizi wanarudi nyuma tu. Sasa wekeni Panga nyingine ubavuni ikiwazidi kwa upande mmoja. Wasaidizi wanapungukiwa 1, wanabaki na 5, na 5 haifiki nusu ya 11. Wanaondoka. Dadu ni yale yale, 6 na 3.

Ndiyo maana wanaojua mchezo huu wanatumia nusu ya kwanza ya muda wao wakihangaikia ubavu, wakati nyinyi mnapuliza dadu kiganjani. Kwa hesabu yenu ya dadu kwa dadu, ubavu hauna thamani yoyote pale panapoamuliwa nani afe, na mtu akicheza hivyo mwaka mzima hataelewa kwa nini anapigwa akitoka nje ya Nakuru.

*Tumepoteza vikosi vinne vinne. Ni sare? – M.S., Dodoma*

Hapana. Anayeshindwa ni aliyepoteza vinne au zaidi, tena vingi kuliko alivyopoteza mwenzake. Endeleeni.

*Mikuki yangu naipanga miwili miwili, mmoja nyuma ya mwingine, napata nyongeza ya 1. Juzi kijana mmoja kaja na karatasi zake akasema nyongeza hiyo haipo. Nimecheza hivi tangu yeye hajaanza shule. – Hopliti Mzee, Mombasa*

Mzee mwenzangu, kijana kasema kweli kwa karatasi zake, na wewe umesema kweli kwa zako. Katika 2.2 Mikuki ilisaidiwa kutoka nyuma. Katika 3.0 msaada unatoka ubavuni: kikosi kingine cha Mikuki, au cha Panga, kikiwa kimesimama sambamba bega kwa bega nacho. Masharti madogo yasomeni wenyewe. Kosa lenu ni kukaa meza moja na vitabu viwili bila kuulizana.

Mimi napenda hii mpya, na sababu yangu ni ya zamani sana. Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki, akieleza vita vya Mantinea vya mwaka 418 kabla ya Kristo, anasema majeshi yakisogea huvutwa kulia, kwa sababu kila mtu anaogopa ule upande wake usio na ngao, hivyo anajibanza karibu iwezekanavyo na ngao ya jirani yake wa kulia. Huyo ndiye askari wa mkuki na ngao kubwa: uhai wake uko begani kwa mwenzake. Ukimng'oa jirani, yeye naye yuko uchi. Kanuni ya 3.0 inakufanya uone hivyo hasa, kwa sababu pengo moja katikati ya mstari wa Mikuki mitatu linawanyima nyongeza wawili kwa mpigo.

Najua utanirushia Leuctra kutetea msaada wa nyuma, 371 kabla ya Kristo, Wathebe walipojipanga kina cha ngao 50 wakawavunja Wasparta. Sawa. Lakini hiyo ilikuwa hila ya jemadari mmoja iliyosifiwa kwa sababu wengine hawakuwa wakifanya hivyo. Huwezi kuigeuza kawaida ya kila Mgiriki aliyeshika mkuki.

*Mpinzani wangu kanigusa kwa kona, akasema kashambulia, kisha akakisogeza kikosi "kidogo tu" kwa kidole ili kikae sawa. Hicho kidogo kilimpa ubavu wangu. – Nimedhulumiwa, Arusha*

Umedhulumiwa. Ukingo wa mbele kwa ukingo wa mbele, kona kwa kona. Kama mwendo wake haufiki hapo kwa mujibu wa kanuni, hajafika. Kona peke yake haitoshi kuitwa shambulio.

Ugomvi wa kweli katika mchezo huu ni wa milimita, na karibu kila mara mkosaji si mwizi, ni mvivu. Anapanga mstari wake ukiwa umepinda tangu zamu ya kwanza, anaacha vitako vimeachana unene wa kucha, halafu zamu ya saba ule mpindo unageuka faida yake. Dawa ni kusema kwa sauti kabla ya kusogeza: "Naweka kikosi hiki hapa ili kiwe nje ya eneo lako. Unakubali?" Akikubali, imepita, hata meza ikitikiswa. Anayekataa kujibu swali hilo, mtafutie mpinzani mwingine wa kucheza naye, na wewe pia.

*Kwa nini pinde za Waingereza ni dhaifu hivi? Agincourt waliwafyeka Wafaransa wote kwa mishale. – Upinde wa Yew, Minneapolis*

Nilikuwa nalingoja hili.

Tarehe 25 Oktoba 1415, huko Agincourt, Ufaransa, Wafaransa wengi wa mstari wa mbele walitembea kwa miguu, na silaha zao zote mwilini, katika shamba lililolimwa likanyeshewa mvua, kati ya misitu miwili iliyowabana. Waliopanda farasi walikuwa pembeni, na hao ndio waliopigwa mishale wakarudishwa. Waliokuja kwa miguu walifika! Walifika wamechoka, wamesongamana, matope magotini, na wapiga upinde wakaweka pinde chini wakawaingia kwa mashoka, nyundo na panga. Mishale ilifanya kazi kubwa, lakini haikufanya peke yake.

Sasa tazama jedwali. Upinde una 4 dhidi ya aliyepanda na 2 dhidi ya wa miguu. Farasi wazito wana 3 dhidi ya wa miguu, basi ni 4 kwa 3 kwa faida yako. Wakishuka wakawa Panga wana 5, basi ni 2 kwa 5 na unalia. Hicho ndicho kilichotokea Agincourt, na wewe unaona jedwali limekuonea. Pigeni pinde tatu shabaha moja: ya pili na ya tatu kila moja inampunguzia 1, Panga inabaki na 3, inaanza kurudi nyuma, mstari wa adui unakatika, na hapo ndipo Panga zako zinapoingia. Wachezaji wengi wanagawa mishale kila upinde na shabaha yake, kwa usawa kama wanagawa sadaka, kisha wanailaumu kanuni.

Na msinitumie tena picha za sinema zenye mishale inayotoboa chuma kama karatasi.

*Tembo wangu kapoteza kwa 1 tu mbele ya Warushaji Wepesi, nikaambiwa kafa. Haiwezekani. – Hannibal wa Kigoma*

Inawezekana, na imeandikwa. Soma matokeo ya tembo, uone ni nani wanaomuua kwa kumshinda tu bila kumzidi mara mbili. Hannibal mwenyewe, jemadari wa Karthago, alipeleka zaidi ya 80 kwenye vita vya Zama dhidi ya Warumi. Warumi wakawafungulia vichochoro, wakapiga baragumu, na baadhi ya tembo wakageuka kuwavuruga farasi wake mwenyewe. Tembo ni wa kuwatishia wapanda farasi. Usimpeleke mbele ya watoto wenye mikuki ya kurusha.

*Dadu limetoa 1. Naruhusiwa kusogeza kikosi kimoja tu? – Mwanafunzi, Kampala*

Kikosi kimoja au kundi moja. Vikosi vinane vilivyogusana, vimetazama upande mmoja, ni kundi moja na vinalipiwa pointi hiyo hiyo moja ya dadu. Mchezaji wa bao asiyejua takasa huwa hakai barazani na wakubwa. Wewe nawe usiende mashindanoni kabla hili halijakukaa kichwani. Ukilivunja jeshi lako vipande sita zamu ya pili, dadu la 1 litakukuta umesimama.

*Visanamu vyangu ni vya milimita 28 lakini vitako nimekata vya 40. Vitakubaliwa? – Fundi Rangi, Kisumu*

28 vinakaa kwenye upana wa 60. Hiyo 40 ni ya visanamu vya 15. Kata upya, na safari ijayo pima kabla ya kupaka rangi.

*Mimi mzaliwa wa Kilwa, niko Muscat. Nataka kujenga jeshi la Kilwa dhidi ya Wareno, 1505. Nianzie wapi? – Msomaji, Muscat*

Ndugu yangu, umenigusa, kwa hiyo nitakukatisha tamaa kwa upole.

Kwanza, kanuni hizi zinakoma karibu na mwaka 1500, na Francisco de Almeida, jemadari wa Wareno, alikuja na mizinga. Pili, Kilwa hapakuwa na pambano la uwanjani la kuchezwa: Almeida alipotua Julai 1505 Amiri Ibrahim aliondoka, mji ukachukuliwa bila upinzani mkubwa, akawekwa mtawala mwingine. Mwezi uliofuata Mombasa ndiyo iliyopigana. Walikuwapo wapiga mishale walioletwa kutoka bara, na mawe yaliporomoshwa kutoka juu ya nyumba kwenye vichochoro vyembamba, hadi mji ulipotekwa, ukaporwa na kuchomwa. Ni vita vya kustahili mchezo. Ila si mchezo huu, ambao unataka uwanja wazi na mistari miwili inayotazamana. Tafuta kanuni za mapambano ya mitaani, askari mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, nami nitakuwa wa kwanza kuja kutazama.

Ninachokuomba usifanye ni kukopa orodha ya jeshi la Waarabu, ukaongeza ngamia, ukabandika jina la Kilwa. Nimeona mtu akifanya hivyo. Ngamia wa vita, Kilwa Kisiwani!

Ukitaka jeshi la Kiafrika lililomo kwenye orodha na lenye historia ya kusimama uwanjani, wachukue Wanubi Wakristo. Waarabu waliotoka Misri katika karne ya 7 walikutana na wapiga mishale wao wakarudi na majeruhi wa macho, na waandishi wa Kiarabu wakawaita wapiga mboni za macho. Baada ya mapambano ya Dongola, mwaka 652, pande mbili zilifanya mapatano ya Baqt, yaliyodumu karne nyingi. Pinde nyingi, farasi wachache. Ni jeshi gumu kulichezesha, na rangi zake ni tamu kupaka.

*Dadu likianguka sakafuni linahesabiwa? – Bila jina*

Kubalianeni kabla hamjaanza. Na utaje toleo.