Maswali ya Wasomaji: Ghala la plagini za QGIS

Ndugu wahariri, salamu. Kikundi chetu cha wachora ramani kina plagini (vijiprogramu vya nyongeza) kadhaa za QGIS, programu ya kutengeneza ramani, tulizoandika wenyewe: ya kukadiria kina cha maji ya mafuriko, ya kusafisha majina ya mitaa na nyinginezo. Tunatumiana zipu kwa WhatsApp na sasa hakuna anayejua toleo jipya ni lipi. Fundi anasema tunahitaji tovuti yenye usajili wa wanachama, hifadhidata na sehemu ya kupiga kura. Tumlipe? – Dar es Salaam

Msimlipe kwanza. QGIS yenyewe inajua kusoma ghala lolote la plagini. Inachodai ni faili moja la XML (maandishi yaliyopangwa kwa alama maalumu), ambalo kwa kawaida huitwa plugins.xml, na zipu zilizowekwa mahali panapofikika kwa https. Ukurasa wa GitHub Pages, huduma ya GitHub ya kuweka kurasa mtandaoni, unatosha: kikomo chake ni gigabaiti 1, na plagini ya Python isiyobeba data mara nyingi haifiki hata megabaiti 1.

Ndani ya faili hilo kila plagini ina fungu lake la pyqgis_plugin lenye name na version. Chini yake andikeni description, version, qgis_minimum_version, file_name, author_name na download_url. Mwanachama anafungua menyu ya Plugins, kisha Manage and Install Plugins, anaingia kichupo cha Settings, anabonyeza Add na kubandika anwani ya plugins.xml. Ni kazi ya mara moja. Kuanzia hapo plagini zenu zinaonekana pamoja na za ghala rasmi, na toleo jipya likitoka QGIS inamjulisha.

Kama mojawapo inaweza kumfaa mtu wa Jakarta au Lima, ipelekeni ghala rasmi, plugins.qgis.org. Huko mtatakiwa kuwa na faili la LICENSE na leseni inayopatana na GPL (leseni ya programu huria) toleo la 2 au la baadaye. Ya majina ya mitaa ya Dar ibaki kwenu.

Tumefuata maelekezo. Plagini inapakuliwa, kisha QGIS inalalamika kwamba folda yake haionekani. Zipu tumeifungua wenyewe, haina kasoro.

Tazameni jina la zipu. QGIS huchukua kilichoandikwa kwenye file_name, hukata kwenye nukta ya kwanza, na kinachobaki ndilo jina la folda inayoitafuta. Mkiandika mafuriko-1.2.0.zip, itatafuta folda iitwayo "mafuriko-1", nayo haipo. Andikeni mafuriko.1.2.0.zip, na ndani ya zipu kuwe na folda moja tu iitwayo mafuriko.

Kwa sababu hiyohiyo, msitumie zipu inayotolewa na kitufe cha Download ZIP cha GitHub. Folda yake hubeba jina la tawi (mkondo wa msimbo) mwishoni, mfano mafuriko-main. Tengenezeni zipu yenu, na kabla ya kufunga futeni folda zisizohitajika za __pycache__, .git na __MACOSX.

Ghala letu lote limetoweka baada ya kubadilisha maelezo ya plagini moja. Nyingine hatukuzigusa.

Kuna alama ya "&" kwenye maelezo. XML haiikubali ikiwa peke yake, na faili likivunjika sehemu moja halisomeki lote. Andikeni "na", au & kama hamna budi. Kila mara kabla ya kupandisha, endesheni amri ya kukagua XML: xmllint --noout plugins.xml. Ikikaa kimya, pandisheni.

Hapohapo hakikisheni toleo la kwenye XML ni lilelile la metadata.txt, faili la maelezo ya plagini, iliyo ndani ya zipu. XML ikisema 1.3 na metadata ikisema 1.2, watu wataambiwa wasasishe, watasasisha, kisha wataambiwa tena, bila mwisho. Zana iitwayo qgis-plugin-ci inaweza kuwatengenezea zipu na XML kwa pamoja, na kwa maoni yetu kikundi chenye plagini zaidi ya tatu kiache kuandika kwa mkono.

Kwenye kompyuta moja plagini inaonekana, kwenye nyingine haipo kabisa.

Ama QGIS ya huko ni ya zamani kuliko qgis_minimum_version, ama mmeweka experimental kuwa True na mwenye kompyuta hajaruhusu plagini za majaribio. Plagini isiyolingana na toleo hufichwa bila onyo. Kumbukeni pia kwamba msipotaja toleo la juu kabisa la QGIS, yenyewe huhesabu hadi .99 ya namba kuu ileile: plagini yenye qgis_minimum_version ya 2.0 huishia QGIS 2.99.

Mtu yeyote akituletea plagini tuiweke?

Hapana. Plagini ni msimbo wa Python unaoendeshwa kwa mamlaka yote ya mwenye kompyuta: inaweza kusoma nyaraka zake, kuzifuta au kuzituma nje. QGIS haina uzio wa kuizuia. Hapa ndipo fedha za fundi zingefaa kwenda. Watu wawili wasome kila toleo, si la kwanza tu. Watafute exec, eval na subprocess (njia za Python za kuendesha msimbo au programu nyingine) na anwani za intaneti, na waulize kila moja ina kazi gani. Zipu yenye .exe, .dll au .so, yaani programu ambazo msimbo wake hausomeki, irudishwe kwa mwenyewe.

Wenzetu walio mbali wanalalamikia bando.

Toeni data za mfano na picha kubwa ndani ya zipu. Asiye na mtandao apelekewe zipu kwa flashi na aipachike kupitia Install from ZIP, ila hatapata taarifa za matoleo mapya mpaka aunganishwe na ghala.

Tunataka kuacha kuhudumia QGIS za zamani. Tutajuaje nani bado anazitumia?

Mkiwa na seva yenu, someni kumbukumbu zake (orodha ya maombi iliyopokea). QGIS inapoomba plugins.xml huongeza namba ya toleo lake mwishoni mwa anwani, mfano ?qgis=3.22. GitHub Pages haiwapi kumbukumbu hizo, kwa hiyo huko itabidi muulize kwenye kundi la WhatsApp.