Pete ya plastiki kwenye kamera: nisubiri ipatikane?

SWALI: Sista, salamu kutoka Njoro. Kaka yangu aligunduliwa na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 47. Mimi nina 44, na daktari hapa Nakuru ameniandikia kipimo cha kamera ya utumbo mpana (kolonoskopia), inayopitishwa njia ya haja kubwa, wiki mbili zijazo. Binamu yangu aliye Uingereza anasema huko kamera huvishwa pete ya plastiki ili ione vinyama (polipu, yaani vinundu vinavyoota ndani ya utumbo) vilivyojificha. Nimeuliza hospitalini, hawana. Niahirishe hadi nipate wanaoitumia?
Msomaji, Njoro

JIBU: Usiahirishe, dada yangu. Na pole sana kwa ugonjwa wa kaka. Mtu ambaye ndugu yake wa tumbo moja amepata saratani hii hushauriwa kuanza kupimwa akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligunduliwa, lolote litakalotangulia. Kwako ilikuwa 37. Usiongeze miezi mingine juu ya hiyo.

Binamu yako amesema kweli. Utumbo mpana una mikunjo kama marinda ya sketi ya shule, na kinyama kikiota nyuma ya rinda, kamera inayotazama mbele hukipita. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2006, wa wagonjwa waliopimwa mara mbili mfululizo, ulionyesha kwamba takriban asilimia 22 ya vinyama havikuonekana mara ya kwanza, hasa vile vidogo. Pete hiyo, kama ile iitwayo Endocuff Vision, huvishwa nchani mwa kamera. Ina vidole laini vinavyolala kamera inapoingia. Inapovutwa kutoka, vinasimama na kunyoosha mikunjo. Mgonjwa mwenye utumbo uliobana au ulio na uvimbe mkali hafai kuwekewa.

Katika hospitali 7 za Uingereza pete hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,772, na matokeo yakachapishwa 2019. Adenoma, yaani kinyama cha aina inayoweza kugeuka saratani, ilipatikana kwa asilimia 40.9 ya waliopimwa kwa pete, na asilimia 36.2 ya waliopimwa bila pete. Faida ipo, na ningefurahi kuiona pete hiyo katika kila chumba cha kamera kuanzia Nakuru hadi huku Kisumu ninakofanya kazi ya uuguzi. Lakini itazame tena hiyo 36.2. Hao walipatikana kwa kamera tupu, macho ya daktari na utumbo uliosafishwa vizuri. Hayo unaweza kuyapata hapo Nakuru.

Usafi wa tumbo uko mikononi mwako, na hapo ndipo ninapoona watu wengi wakipoteza kipimo. Siku chache kabla, acha mapera, nyanya, ndengu, githeri na sukuma wiki. Mbegu na nyuzi zake hubaki zikiziba kamera. Siku ya mwisho kabla ya kipimo, unywe vitu vyepesi tu: maji, strungi isiyo na maziwa, supu iliyochujwa. Kinywaji chekundu kiache, maana kinaweza kudhaniwa ni damu. Dawa ya kukuharisha ili utumbo usafike hufanya kazi vizuri zaidi ikigawanywa mara mbili, nusu jioni na nusu alfajiri, na uimalize angalau saa mbili kabla ya kipimo. Wanaotoka mbali huiruka ile ya alfajiri kwa kuogopa kubanwa na tumbo ndani ya matatu. Naielewa hofu hiyo, tena sana. Kama una jamaa mjini Nakuru, lala kwake usiku huo, upate choo karibu. Choo cha mwisho kikiwa majimaji ya manjano yanayopitisha mwanga, uko tayari. Kikiwa bado na matope, mwambie muuguzi mapema.

Kwa daktari uliza, bila woga, kama huwa anaivuta kamera polepole. Sehemu kubwa ya kutafuta hufanyika wakati wa kuitoa, na muda huo usipungue dakika 6 hata pasipoonekana kitu. Muulize pia kama atautazama upande wa kulia wa utumbo mara ya pili, na kama atakugeuza ubavu mikunjo ifunguke. Haya hayahitaji kifaa cha kununuliwa. Daktari anayeijali kazi yake hatakasirika. Utafiti wa Marekani wa 2014 ulionyesha kwamba kila asilimia 1 anayoongeza daktari katika kupata adenoma huendana na asilimia 3 pungufu ya hatari ya wagonjwa wake kupata saratani baadaye.

Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, kwa kuwa dawa ya usingizi hulevya; usipande bodaboda peke yako. Na ukitolewa kinyama, uliza majibu ya maabara yatatoka lini, kisha uyafuate mwenyewe. Idadi ya vinyama, ukubwa wake na aina yake ndivyo vitakavyoamua kamera yako inayofuata iwe mwaka gani.