Sukari imepanda na mama hali chakula

SWALI: Mama yangu ana miaka 74 na ana kisukari. Juzi alitolewa uvimbe mgongoni. Anakula kidogo sana, lakini kipimo cha sukari kinasoma 13 (mmol/L). Nimwachishe dawa?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Hapana, usimwachishe kwa uamuzi wako. Jeraha huuamsha mwili kutoa homoni kama kotisoli na adrenalini, nazo hulisukuma ini kumwaga sukari kwenye damu hata tumbo likiwa tupu. Ndiyo maana insulini inayofanya kazi kwa muda mrefu kwa kawaida haikatizwi, ingawa daktari anaweza kubadili dozi yake. Vidonge ni habari nyingine: glibenklamidi kwa mtu asiyekula huishusha sukari mno, na metfomini haifai akitapika au kuishiwa maji. Mpigie daktari leo, umtajie kila dawa.

Mpime kabla ya kila mlo na kabla ya kulala. Mnawishe kwanza kwa sabuni na kumkausha. Kidole chenye utomvu wa tunda hutoa namba ya uongo. Ikishuka chini ya 4, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, iwapo anameza vizuri, kisha rudia kipimo baada ya dakika 15. Mzee huenda asitetemeke wala kutokwa jasho, akaanza tu kuongea ovyo.

Ikizidi 15 mara mbili mfululizo, akitapika, akipata homa, au kidonda kikitoa usaha, mpeleke hospitali bila kungoja kesho.